Jioni Niliyoandika Kuwa Nimeuona Mwezi

Siku yangu ya kwanza kwenye ofisi ya falaki hapa Maskati, Mudir wetu, mkuu wa ofisi, hakuniacha hata niiguse darubini. Alikuwa mzee aliyezaliwa Unguja, mpole wa sauti, mgumu wa kazi. Alinikalisha akanihadithia Mjerumani mmoja wa zamani, kabla darubini hazijabuniwa. Mtu huyo alikuwa tajiri wa biashara, na mwalimu wake alipofariki aliendelea peke yake, miaka thelathini hivi, kupima kimo cha jua adhuhuri. Hakuchapisha kitu, wataalamu waliomfuata ndio waliovitumia vipimo vyake.

"Na alichokuwa na shaka nacho, alikiandika pamoja na shaka yake," akasema. "Nawe hivyo hivyo, mwanangu."

Nami nikajisemea: Mjerumani wa nini? Mimi nataka darubini!

Kutazama hilali, yaani mwezi mwandamo, kulikuwa na adabu yake. Kila mtu na karatasi yake. Jua likishazama hasemi mtu. Unaandika umeuona au hukuuona, saa ngapi, kimo gani juu ya upeo wa macho, unatia saini, unampa Mudir. Mazungumzo baadaye.

Ramadhani yangu ya kwanza, tarehe ishirini na tisa, tulipanda kilima kilicho juu ya kijiji cha Sidab. Nilikuwa bado sijathibitishwa kazini. Mwenzangu Salum akaponyokwa na ulimi: "Ule pale!" Nikatazama alikoonesha. Nilitaka kuuona, basi nikaandika nimeuona. Karatasi mbili zikaafikiana, na wasemavyo, penye wengi hapaharibiki neno.

Mudir alikuwa keshashika simu apeleke habari. Akaniangalia.

"Umeuona, au umesikia?"

Niliogopa, sifichi. Nikisema nimesikia, saini yangu ni ya uongo na kazi huenda ikanitoka. Nikisema nimeuona, watu watafungua kwa ulimi wangu.

"Nimesikia, Mudir. Nna shaka."

Salum akarudi kwenye darubini, akatafuta, asiuone tena. Mudir akapeleka habari kuwa mwezi haukuonekana, na nchi nzima ikakamilisha thelathini. Nyumbani mke wangu alikuwa keshakanda unga wa maandazi ya Idi.

"Kumbe wewe ndo ulotufungisha!" akanicheka.

Baada ya Idi, Mudir aliniita. "Kazi nakuthibitishia kwa ulivyosema. Darubini nakunyima mwaka mzima kwa ulivyoandika."

Mwaka ule nilikaa kwenye hesabu za nyakati za sala, nimenuna. Baadaye walikuja wakurugenzi wengine, zikaja kompyuta na kamera, nami nikapanda hadi naibu.

Wiki ya kustaafu kwangu nilikuwa nikipanga majalada ya zamani. Nikaikuta karatasi yangu ya jioni ile. Miaka yote nilidhani Mudir aliichana. Chini ya saini yangu, kwa mkono wa Mudir, ambaye keshatangulia mbele ya haki, paliandikwa: "Kayaondoa mwenyewe maneno yake. Aaminiwe."

Nililia pale pale, mtu mzima mimi, mbele ya vijana wa ofisi.