Kloro Kwenye Maji ya Bahari

Bahari sijaiona hata siku moja, lakini kazi yangu ya mwisho chuoni ilihusu watoto wa minyoo ya baharini. Profesa alishikilia neno moja: nichore seli nilizoziona mwenyewe zikiwa hai. Bila mchoro huo, mwaka ungenipotea.

Mjomba wangu, mfanyabiashara wa Butembo anayefuata mali hadi Mombasa, ndiye aliyeniokoa. Mwalimu mmoja wa huko alimjazia chupa ya maji yenye vitoto hivyo, naye akaipitisha mpakani Bunagana akiwaapia watu wa forodha kwamba ni maji tu. Alipoifikisha mtaani kwetu Katoyi nilitoa hadubini uani, juani, maana umeme wa chuo ni bahati nasibu.

Tone la kwanza tu, nikacheka peke yangu kama mwehu. Katoto kalikuwa ka mviringo, kamefungwa mkanda wa vinywele kiunoni, vyote vikipiga maji kwa pamoja. Tumboni mlikuwa na matone ya mafuta. Macho yalikuwa mawili, na kila jicho lilikuwa seli mbili basi: moja nyeusi ya kuziba mwanga, nyingine ya kuuhisi. Jicho maskini namna hiyo, nami nililipenda.

Nikakimbia dukani kutafuta penseli nzuri. Niliporudi, nikaweka tone jipya. Vinywele vilikuwa vimesimama. Nikajaribu tone lingine, na lingine tena. Seli zilivimba zikapasuka mbele ya macho yangu, na mimi nimeshika penseli.

“Mama, ulitia nini mu ile chupa?”

“Kloro, mutoto yangu. Maji yenye haina kloro haiingiake mu hii nyumba.”

Ukiteka maji ziwani, pale Kituku, mtu wa kloro hukutilia dozi kwenye bidoni, dumu lako la maji, kabla hujaiinua. Tangu kipindupindu kimchukue dada yangu, mama hamwamini hata huyo. Huongeza yake nyumbani. Hasira ilinijaa, ikakosa pa kutokea. Utamgombezaje mama kwa sababu hataki kukuzika?

Barabara ya Bunagana ilikuwa imefungwa tena baada ya mjomba kupita, kwa hiyo chupa nyingine isingefika. Nikamweleza mama yote, hadi habari ya mwaka wangu uliopotea.

“Lakini wewe haukuikunywa mbele nitie kloro?”

“Hapana, mama.”

Akakaa chini palepale, akafanya ishara ya msalaba, machozi yakamtoka.