Nilivyoifanya Nyepesi Kompyuta ya Baba

Kompyuta yenyewe ilikuwa ndogo mno, hata chuoni wenzangu waliniuliza kama ni ya kuchezea. Kioo chake hakikuzidi sahani ya wali ya mtu mmoja. Kariakoo wanaziita mini, na siku hizi ukimwuliza muuzaji kama anazo anakutazama kwa huruma, kisha anakuonyesha simu. Yangu ilikaa kabatini miaka mingi chini ya mitandio, kwa sababu mimi situpi kitu ambacho nikikibonyeza bado kinawaka. Tabia hiyo nimeirithi kwa baba. Nyumbani kwetu Mchafukoge, ghorofa ya tatu, tulikuwa na feni mbili zilizonizidi umri, na zote zilizunguka.

Baba alikuwa na duka la vitambaa vya mapazia na mashuka Kariakoo, fremu moja nyembamba aliyoichukua kabla hajaoa. Asubuhi alivaa kanzu yake, akapitia msikitini, akaenda kwa miguu. Siku aliyoanguka alikuwa anampimia mteja kitambaa. Kiharusi kililaza upande wake wote wa kushoto, mkono, mguu na uso, na ulimi ukawa mzito kiasi kwamba maneno yalitoka uji.

Alikaa hospitalini muda mrefu. Wiki ya tatu daktari alituita mimi na mama pembeni, akatuambia tujiandae. Mama alikuwa hali wala halali. Mwenye fremu alikuwa anapiga simu kila siku, na wateja wa kuichukua walikuwa wamepanga foleni. Mimi ndiye mtoto pekee, basi nikaamua. Niliyatoa marobota, nikaushusha ule ubao wenye jina la duka, nikakabidhi funguo. Nilijiambia kwamba nimembebea baba mzigo. Ukweli ni kwamba sikumwuliza kwa kuwa nilikuwa nimeshamhesabu miongoni mwa wafu. Nimechukua muda mrefu kuweza kuiandika sentensi hiyo.

Kisha baba hakufa. Alirudi nyumbani amebebwa kwenye kiti ngazi zote tatu, na siku ya pili tu alininyooshea mkono wa kulia akauzungusha hewani, mara mbili, hivi na hivi. Alikuwa anaomba funguo za duka. Nilimweleza nilichofanya. Nilijieleza sana, na kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kujisikia mjinga. Aligeuza uso ukutani. Baada ya hapo hakuligusia tena duka hata kwa ishara.

Ndipo nilipoikumbuka mini. Simu ilikuwa imemshinda, kidole kilitetemeka na kila akigusa herufi moja zinakuja nne, au anajikuta amempigia mtu Muscat. Laptopu yangu ya kazini ilikuwa kubwa, mkono ulichoka kabla ya kufika upande wa pili wa kibodi. Lakini ile ndogo aliweza kuilazia kiganja chake kimoja tu na kuzifikia herufi zote. Nilipoiwasha mbele yake ilichukua dakika nne kuamka. Baba alinitazama, akafumba macho akajifanya amelala usingizi wa pono.

Hapo nikapata kazi ya kufanya, na mimi nikiwa na hatia huwa napenda sana kupata kazi. Nilianza safari za Kariakoo na buibui langu, napandisha ngazi za majengo yale yenye vibanda vya mafundi kila ghorofa. "Dada, hii si uipumzishe?" waliniambia. "Itapumzika siku ukipumzika wewe," nikawajibu. Nikapata RAM, ile kadi ya memori ya ndani, ya kuongezea, kubwa kuliko ile ya mwanzo, kubwa zaidi mashine ilikataa. Diski iliyokuwa inagonga nikaibadilisha kwa nyingine iliyotolewa kwenye laptopu iliyovunjika kioo. Betri ilikuwa imevimba, nikaitoa kabisa, na badala yake nikaweka chini ya kitanda cha baba kile kisanduku kizito cha umeme wa akiba, ili umeme ukikatika mashine isijue. Niliondoa programu zote zenye makeke, nikaweka mfumo mwepesi wa bure, herufi nikazikuza hadi baba akazisoma bila miwani, na nikaifundisha isirudie herufi mtu akichelewa kunyanyua kidole. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomfungua kinywa baba. Aliandika neno lake la kwanza lisilo na makosa: "Chai." Kisha akaongeza: "Hii baridi."

Nilicheka hadi nikalia. Aliyekuwa baba yangu alikuwa amerudi, na maudhi yake yote. Aliandika "Feni." Aliandika "Mama yako ana mafua, hamuoni?" Akitazama taarifa ya habari aliandika "Mwongo huyo" na kunigeuzia kioo nisome. Kuhusu pilau langu aliandika maneno ambayo sitayarudia hapa.

Kulikuwa na jambo moja lililobaki. Kila baada ya muda mashine ilikuwa inayahifadhi yenyewe yale aliyoandika, na diski ile ya mtumba ilikuwa nzito kwenye kuandika. Wakati wa kuhifadhi kila kitu kiliganda, kidole cha baba kinabonyeza na hakuna kinachotokea, naye anakasirika hadi mshipa wa shingo unatoka. Basi nikakizima kile kipengele cha kujihifadhi. Mashine ikawa nyepesi ajabu. Maneno yake yakawa yanakaa kwenye memori tu, ile isiyokumbuka kitu umeme ukiondoka, na kila jioni baada ya Magharibi nilikuwa nakuja mimi mwenyewe, nabonyeza, nasubiri igande inavyotaka, nayahifadhi ya siku nzima. Nilijiona fundi hasa. Kila aliyekuja kumjulia hali nilimwonyesha jinsi inavyokimbia, na baba alinitazama kwa jicho lile la mzee anayemwona mtoto wake akijisifu mbele za watu.

Mwezi wa Shaabani ukaingia. Kwetu, kabla ya kuanza kufunga, watu huombana radhi. Watoto huwaendea wazazi, huwabusu mkono, husema nisamehe nilipokukosea, na mzazi hujibu hapo hapo, nimekusamehe, Mungu akuwie radhi. Ni jambo la nusu dakika. Nimelifanya tangu nina meno ya utoto, mara nyingi huku nikifikiria kitu kingine.

Mwaka ule nilimwendea Jumapili asubuhi. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikambusu mkono wa kulia. "Shikamoo baba." Akaniitikia kwa kichwa. Nikamwambia nisamehe kwa yote, kisha nikaona kwamba nikiishia hapo nitakuwa mwoga, nikasema, "Nisamehe kwa duka. Nisamehe kwa sababu sikukungoja."

Nilitegemea aniwekee mkono kichwani tukamalizana. Badala yake aliuvuta mkono wake taratibu, akaupeleka kwenye kibodi. Aliandika: "Si la haraka." Akapumzika. Akaandika tena: "Ijumaa. Baada ya swala utasoma." Kisha akavua kofia yake akaifunika juu ya kioo, na kwa mkono akanionyesha mlango.

Nilitoka. Nilijua maana yake. Angeniandikia jibu, na jibu halikuwa la nusu dakika. Kuanzia siku ile kila nikipita mlangoni nilisikia kidole chake, tik, kimya, tik. Nikiingia anafunika kofia. Jioni ya kwanza nilimwomba, "Baba, nihifadhi tu kidogo, sisomi." Alitikisa kichwa. Alinijua. Ningesoma. Jumatatu nilimwomba tena, Jumanne pia, akatikisa kichwa, na safari hii upande wa kulia wa uso wake, ule uliobaki mzima, ulikuwa na kicheko. Jumatano sikuomba. Nilijiambia kisanduku kipo chini ya kitanda, umeme hata ukikatika mashine haijui.

Alhamisi alfajiri mama alikwenda kumtilia udhu, akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia. Baba alikuwa ameshaondoka. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala kwenye kibodi, na kofia ilikuwa juu ya kioo.

Anayejua msiba wa kwetu anajua kinachofuata. Kabla jua halijapanda ngazi zilikuwa zimejaa watu. Vyumba vinatolewa vitu vyote, makochi, meza, makabati ya kubebeka, vinatandikwa mikeka ili kina mama wakae, na wanaume wanakaa chini barabarani kwenye viti. Mwili ulipelekwa chumba cha nyuma kwa kuoshwa. Kitanda cha baba kikafunguliwa misumari, kompyuta ikabaki sakafuni kando ya kisanduku chake. Mimi nilisimama katikati sijui nishike nini. Jirani yetu wa ghorofa ya pili, mama mmoja anayenipenda, akanigusa bega akasema, "Mwanangu, toa haya mawaya, watu watajikwaa."

Nikaona afadhali, hiyo ni kazi ninayoijua. Nilikishusha kifuniko cha kompyuta bila kuitazama, kofia ikiwa bado pale, nikaivuta kofia kwa pembeni. Sikutazama kwa sababu haikuwa Ijumaa. Katika maisha yangu yote baba aliniambia mengi nami nikafanya nilivyoona mimi, na siku ile moja nikamtii. Kisha nikainama nikachomoa waya wake kwenye kisanduku. Niliukunja vizuri, pindo kwa pindo, nikaufunga kwa utepe wake. Betri niliitoa mimi. Kujihifadhi nilikuzima mimi. Nilikuwa na akili zangu zote mikononi na kichwani hamna kitu.

Tulimzika alasiri. Ijumaa ikapita na watu wamejaa, na nilipoikumbuka ahadi yake nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba kuna kitu changu kinaningoja. Nilingoja hitima ya siku ya tatu imalizike, mikeka ikunjwe, majirani washuke. Kesho yake asubuhi nikajifungia chumbani nikaiwasha. Iliamka haraka sana. Nilikuwa nimeifanyia kazi kubwa. Ikanifungulia ukurasa wa kuandikia, mweupe, na kale kamstari kanakopepesa pale juu kushoto.

Nilipekua mafaili yote. Jumamosi ya wiki ile ilikuwepo: "Wali una mawe." Baada ya hapo hakuna kitu.

Nilikwenda Kariakoo nikiwa bado na macho yaliyovimba. Nilipanda kwa fundi mmoja wa ghorofa ya nne anayerudisha mafaili yaliyofutika, mtu mzima, mtaratibu. Aliunganisha waya zake, akasubiri, akasoma.

"Uliyahifadhi hata mara moja?"

"Hapana."

"Basi yalikuwa kwenye memori. Memori ikikosa umeme dada yangu, ni basi. Hayakufutika, hayakuandikwa popote." Akaendelea kutazama kioo. "Mbona hata kujihifadhi kumezimwa? Nani alizima?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Iwe nyepesi," nikasema.

Hakunicheka. Aliizima akaifunga na kunirudishia kwa mikono miwili. Kule nje wauza vitambaa walikuwa wanapima mapazia na kuyakata, na nilisimama kwenye ngazi nikilia mbele ya watu, mtu mzima na buibui langu, hadi mmoja akaniletea kiti.

Nilikaa wiki nyingi bila kumwambia mama. Kila nikimtazama nilijiambia ana yake yanamtosha. Lakini Ramadhani ilipokaribia kwisha nilishindwa. Tulikuwa jikoni anakuna nazi, nikamweleza yote, kofia, Ijumaa, waya. Mama alisoma madrasa tu, anaijua Kurani kwa herufi zake, hizi zetu hazijui. Kwa siku zile nne alikaa kando ya baba tangu asubuhi hadi jioni, na yale maneno yote yalipita mbele ya macho yake.

"Yalikuwa mengi?" nikamwuliza.

"Mengi. Kioo kilijaa, kikapanda juu, kikajaa tena. Nilimwuliza unamwandikia nani, akanyoosha kidole chumbani kwako."

Nilikiweka chini kisu nilichoshika. "Mama, alipokuwa ananiandikia uso wake ulikuwaje? Alikuwa na hasira, au alikuwa ananicheka, au alikuwa analia? Niambie tu alivyokuwa."

Mama aliacha kukuna. Alifikiri kweli kweli, nikamwona akijaribu kurudi mle chumbani kwa ajili yangu. Angeweza kunidanganya na ningemwamini.

"Mimi nilikuwa nakaa kushoto kwake mwanangu, nimfute mate," akasema. "Upande ule ulikuwa hausemi kitu."