Harusi Ndani ya Diski ya Bakapu

Kazi ya kompyuta niliipata kwa sababu siku ya usaili printa ilikwama. Niliifungua, nikavuta kipande cha karatasi kilichojikunja ndani, ikaanza kuchapa. Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Akawageukia wenzake akasema, "Huyu huyu." Hakuna aliyeniuliza habari za seva, na mimi sikuwa na sababu ya kuzianzisha.

Lilikuwa shirika dogo lenye ofisi Gungu, likifanya kazi na wanawake wanaokausha dagaa katika vijiji vya mwambao wa ziwa. Tulikuwa na vituo kaskazini na kusini, huko ambako mtu hufika kwa boti, na habari zote za vituo hivyo zilikuja kwa barua pepe. Barua hizo hazikukaa mbali. Zilikaa kwenye seva yetu wenyewe, kasha jeusi lililowekwa katika chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua. Fundi aliyenitangulia ndiye aliyeifunga. Kisha akaacha kazi, akahamia Mpanda kufuga nyuki. Aliniachia ukurasa mmoja wa maelezo, na mstari wa mwisho ulisema: "Bakapu inajifanya yenyewe kila siku kwenye ekstano. Usiwe na wasiwasi." Yaani nakala ya akiba ya kila kitu ilijihifadhi kwenye diski ya nje iliyochomekwa nyuma ya seva.

Nilikuwa mtu mtiifu. Kwa miezi kumi sikuwa na wasiwasi.

Jumanne moja asubuhi barua zikaacha kuingia. Wa kwanza kuja alikuwa dada wa miradi, akaniambia kompyuta yake imenuna. Kabla sijainuka wakaja wengine wawili, kisha mkurugenzi mwenyewe akapiga kelele kutoka chumbani kwake, "Fundi! Mimi nimefukuzwa kazi au nini? Mbona siandikiwi?"

Niliingia stoo. Seva ilikuwa inawaka taa zake zote kama kawaida, ila kwenye skrini kulikuwa na ujumbe kwamba diski imejaa, haina nafasi hata ya herufi moja, na hifadhidata ya barua imejifunga. Nikatafuta kilichoijaza. Nikakuta folda yenye maelfu kwa maelfu ya faili, zote za ukubwa ule ule, zote zina majina ya namba na herufi zisizotamkika.

Hizo ni logi. Leo naweza kuzieleza hata nikiwa usingizini. Seva ya barua haiingizi kitu kwenye hifadhidata moja kwa moja. Kila barua inayokuja, kila inayofutwa, huandikwa kwanza kwenye logi, kisha kwa wakati wake huhamishiwa ndani. Logi ikijaa hufunguliwa nyingine. Zile za zamani hazifutwi mpaka bakapu kamili ifanyike. Bakapu ikikamilika, seva inajua mambo yote yana nakala mahali pengine, inazifuta yenyewe. Bakapu isipofanyika, zinarundikana tu. Kwa hiyo mtu mwenye akili akiona logi zimejaa angeuliza: bakapu imekuwaje?

Mimi niliziona, nikaziita takataka. Nikashika zile za juu kwenye orodha, kama elfu tatu hivi, nikabonyeza kitufe cha kufuta. Nikaizima seva na kuiwasha.

Iliporudi, hifadhidata ilikataa kabisa kufunguka. Ujumbe mpya ulisema kuna logi inayohitajika na haipo, ukaitaja kwa jina lake. Nilisoma lile jina nikalitambua, maana nilikumbuka vizuri nilivyoliona dakika chache zilizopita likienda zake.

Mkurugenzi akachungulia. "Vipi?"

"Inajipanga, bosi."

"Inajipanga kuelekea wapi?"

Nikamwambia nitarudisha kila kitu kutoka kwenye bakapu, muda si mrefu. Nililisema hilo kwa sauti ya daktari. Nikainama nyuma ya seva kuishika ekstano, na mkono wangu ukashika waya. Waya ulikuwepo, umechomekwa vizuri kabisa kwenye seva. Upande wa pili ulikuwa unaning'inia. Ekstano haikuwepo.

Nilimuuliza mlinzi, mzee mmoja wa Kasulu ambaye hakuna kitu kilichotoka getini bila yeye kukijua. Nikamwamkia, tukapeana amahoro, salamu ya kwao, nikamweleza: kidude cheusi, ukubwa wa sabuni ya kufulia, kina karatasi nyeupe juu.

"Kilichoandikwa USITOE?"

"Hicho hicho."

"Alikitoa mama katibu. Zamani. Kabla ya mvua zile kubwa."

Katibu muhtasi wetu alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa Ujiji kwa pande zote mbili, anayeheshimika kuliko mkurugenzi. Nikaenda mezani kwake, nikasimama kwa adabu.

"Mama, samahani. Kuna kidude kilikuwa stoo, nyuma ya seva."

Hakubabaika hata kidogo. "Ile ekstano? Iko Buzebazeba kwa dada zangu. Nilimwazima mpiga video siku tulipomwoza binti yetu. Alisema hana pa kuiweka harusi, na ile pale stoo nilikuwa naiona imekaa tu, haifanyi kazi yoyote."

"Ilikuwa inafanya kazi, mama."

"Haya, kazi gani?" Akanitazama kwa huruma ya kweli. "Mwanangu, miezi yote hii hujawahi kuiulizia."

Nikachukua bodaboda.

Nyumba ilikuwa ya ua mpana. Sebuleni nilikuta akina mama watatu watu wazima wamekaa juu ya jamvi mbele ya runinga, na chini ya runinga, imechomekwa kwa nyuma, ekstano yangu na karatasi yake ya USITOE. Kwenye kioo bibi harusi alikuwa anatembea polepole, hakuna sauti.

"Shikamooni."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi wa sauti?"

"Mimi ni fundi wa ofisini kwa mama…"

"Kaa hapo basi uitengeneze. Tangu juzi wanacheza kama mabubu."

Nilijaribu kueleza. Nilisema seva, nikasema barua, nikasema vijiji vya mwambao vinasubiri. Mkubwa wao akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Sawa. Sauti kwanza." Nikachukua rimoti. Kitufe cha kuzima sauti kilikuwa kimebonyezwa. Nikakibonyeza tena, na taarabu ikajaa nyumba nzima. Wale mama walipiga vigelegele hadi jirani akachungulia dirishani. Nililetewa ugali na samaki wa mgebuka wa nazi, na kwa kuwa nilikuwa mgeni wa heshima, filamu ikarudishwa mwanzo kwa ajili yangu.

Nilikula huku nikioneshwa watu. Yule mwenye kilemba ndiye aliyechelewesha pete. Yule wa miwani alitoka Bujumbura na hakualikwa. Kila nilipojiinua kidogo, mmoja wao alinigusa goti: "Ngoja, sasa hivi anashuka kwenye gari." Alishuka kwenye gari mara mbili, kwa sababu mpiga video alikuwa na kamera mbili.

Mwishowe wakaniruhusu niichomeke ekstano kwenye kompyuta yangu ndogo niangalie. Nikafungua. Kulikuwa na folda ya nikahi, folda ya walima, folda ya kupamba ukumbi, folda ya watu kula. Folda ya bakapu haikuwepo. Nikampigia simu mpiga video. Alikumbuka vizuri. "Kulikuwa na mafaili ya ajabu ajabu humo, kaka, hayafunguki hata. Nikasafisha."

Nilitoka nikakaa barazani. Nilikuwa nimefuta logi, na bakapu ilifutwa kabla yangu, na barua za shirika zima za miaka sijui mingapi zilikuwa ndani ya hifadhidata isiyofunguka. Nilifikiria kurudi kwetu. Nilifikiria kwa dhati kabisa kwenda Kibirizi kuuza dagaa, ambako angalau kitu kikiharibika kinanuka na kila mtu anajua. Halafu nikampigia yule wa Mpanda.

Alipokea akinong'ona. "Sema polepole, niko mzingani."

Nikamweleza yote, hata yale ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Upande wa pili nilisikia mvumo wa nyuki, na yeye akipumua.

"Ulizifuta zipi?"

"Za juu."

"Juu kwenye orodha kulikuwa na za zamani au mpya?"

Picha ya orodha ilinijia na tarehe zake. Mpya zilikuwa juu. Nilikuwa nimeacha rundo lote la zamani lisilohitajika, nikafuta zile tu ambazo seva ilikuwa bado haijamaliza kuzihamisha.

"Sikiliza," akasema. "Baada ya kufuta, nafasi iliongezeka?"

"Hapana. Hata kidogo. Hilo nalo lilinishangaza."

Akacheka, kisha akalalamika, nadhani aliumwa na nyuki. "Hukufuta wewe! Umezitupa kwenye pipa la taka la kompyuta. Ziko humo humo ndani ya diski. Usilimwage pipa! Umenielewa? Usiguse kitu. Tafuta diski kubwa, nakili kila kitu kama kilivyo, hata ubaya wake. Ndipo uzitoe pipani uzirudishe mahali pake."

"Diski kubwa ninayo. Ina harusi."

"Ina nini?"

Nikarudi ndani nikapiga magoti jamvini. Niliwaambia wale mama kwamba naichukua harusi ofisini, nitaitunza, na kabla ya Ijumaa itarudi ikiwa nzima, pamoja na yule wa Bujumbura. Mkubwa wao alitaka niape. Nikaapa. Akaifunga ekstano ndani ya kitenge kama mtoto mchanga, nikaipakata kwenye bodaboda mpaka Gungu.

Sasa ilibidi kuihamisha harusi kwanza. Hakuna kompyuta moja iliyoweza kuibeba yote. Nikahi iliingia kwa mama katibu. Walima ukaenda kwa mkurugenzi, ambaye kompyuta yake ilikuwa kubwa kuliko zote na haina kitu. Watu kula wakaja kwangu. Kunakili kulichukua mchana wote na asubuhi ya Jumatano, na kwa kuwa hapakuwa na barua za kusoma, wafanyakazi walikusanyika kwa mkurugenzi kuangalia walima. Dada wa miradi alimtambua shemeji yake akicheza na mtu asiyemfahamu. Mkurugenzi alikuja mlangoni kwangu kwa uso wa kazi, nikadhani ananiuliza seva. Akauliza sehemu ya pili iko kompyuta ya nani.

Ekstano ilipokuwa tupu nilifuata maelezo ya Mpanda hatua kwa hatua. Nilinakili kila kitu kilichokuwa kwenye diski ya seva. Nikafungua pipa. Zilikuwemo zote, elfu tatu na ushee, zimelala kwa mpangilio. Nikazirudisha mahali pake. Kisha nikaenda chini kabisa ya orodha, nikasoma tarehe kwa kidole, nikaondoa zile za mwaka uliopita ambazo nakala zake nilishakuwa nazo. Diski ikapata pumzi. Nikaamuru hifadhidata ifunguke.

Ilikuwa inasoma logi moja baada ya nyingine, na mimi nimesimama katikati ya vyandarua. Kisha ikafunguka. Kutoka vyumba vyote nikasikia mlio mdogo wa barua kuingia, kwanza mmoja mmoja, halafu kama mvua juu ya bati. Mtu akapiga kigelegele. Mazoea ya harusi.

Siku hiyo hiyo nilifanya bakapu kamili, na nilikaa nayo mpaka ikaisha. Logi zikajifuta zenyewe mbele ya macho yangu, kwa heshima zake, bila mtu kubonyeza kitu. Ndipo nikajiuliza kwa nini seva haikumwambia mtu kwamba bakapu inashindikana. Nikapekua mipangilio. Ilikuwa imesema. Kila siku, kwa miezi, iliandika barua ya kuomba msaada na kuituma kwenye anwani ya zamani ya yule mfuga nyuki, ambayo hakuna aliyeifungua tangu aondoke. Niliifungua. Mamia ya barua, kichwa cha habari kimoja: bakapu imeshindikana. Nilizisoma chache. Zilikuwa za upole, na hazikumlaumu mtu.

Harusi ilirudi Buzebazeba Alhamisi, kwenye diski yake yenyewe, ambayo mama katibu aliinunua mwenyewe na kuiandika HARUSI kwa kalamu nyekundu. Hakuomba radhi, na mimi sikuona kwamba nastahili kuombwa.

Ijumaa nilikwenda kwa mkurugenzi. Nilikuwa sijalala vizuri kwa lile neno "inajipanga". Nikafunga mlango, nikamwambia kwamba barua zilikwama kwa uzembe wangu wa miezi kumi, na kwamba mimi ndiye niliyefuta logi, na tukapona kwa sababu sikujua hata kufuta.

Akavua miwani. "Mbona unaniambia saa hizi? Nimeshakuandikia barua ya pongezi."

"Imeshatumwa, bosi?"

"Bado. Iko hapa."

Akavaa miwani, akaigeuza skrini nami nione. Ilikuwa imeandikwa kwa wafanyakazi wote, na ilisema shirika linanishukuru kwa utaalamu wangu. Akaisoma tena kwa sauti ya chini, akafuta neno "utaalamu", akawaza, akaandika "uvumilivu". Kisha akaituma.