Nilitaka kipimo cha DNA kiseme nilichokuwa nakificha kuhusu mjukuu wangu mwenye PCOS

Wakuu, habari za humu. Wale wa umri wa wajukuu zangu, shikamoo zenu nimeshazipokea zote kwa pamoja, marahaba, tuendelee.

Mimi ni bibi wa Tlawi, Mbulu. Shule niliishia darasa la nne, nikikosea herufi mnivumilie. Ila uongo humu siweki, maana uongo wenyewe ndio umenileta kuandika.

Nina mjukuu anaitwa Paskalina, mtoto wa mwanangu wa kwanza. Ameolewa kule Basotu, Hanang, kwa wafugaji wenye ng'ombe kwelikweli. Kwenye harusi yake nilicheza mpaka goti likavimba, na mpaka leo linauma.

Mwaka wa tatu huu, mtoto hakuna.

Siku zake zinapotea miezi mitatu, minne. Chunusi usoni. Kidevuni nywele nyeusi, ngumu. Alikuwa anajifunga mtandio mpaka mdomoni, jua kali hivyo.

Mama mkwe wake akamwambia bila kuzunguka, "Mahindi yakishaingia ghalani na wewe bado huna habari, tunamletea mume wako mke mwingine. Wewe hatukufukuzi, utakaa."

Paskalina akarudi kwetu na begi.

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilisimama uani nikasema kwa sauti, na mama yake Paskalina, yaani mkwe wangu, anakamua ng'ombe hatua tano tu kutoka kwangu: "Hii imetoka kwa mama yake. Ukoo wetu wanawake wanazaa kama mbuzi."

Mama Paskalina aliendelea kukamua. Hata mkono haukubadilisha mwendo, na hilo liliniudhi zaidi.

Tukaenda hospitali watatu, mimi, Paskalina na mama yake. Daktari ni mama wa makamo, amekulia hukuhuku. Alimsikiliza Paskalina, akampima damu, akampiga ultrasound. Majibu yalipotoka akasema inaitwa PCOS. Homoni zimevurugika, yai halitoki kila mwezi kama inavyotakiwa.

Kisha akauliza, "Kwenye ukoo wenu kuna mwanamke mwingine wa hivi? Siku kupotea, ndevu, kuchelewa kupata mtoto?"

Nikawahi mimi. "Kwetu hakuna."

Mama Paskalina akaangalia sakafu.

Wakuu, mimi nina ndevu. Nazing'oa tangu usichana kwa vidole na majivu. Siku zangu zilikuwa zinakuja zinapotaka. Na niliolewa nikakaa miaka saba bila mimba.

Hakuna anayejua kwa sababu marehemu mume wangu alinihamisha. Ndugu zake walipoanza kunong'ona akasema anapeleka ng'ombe Yaeda Chini kutafuta malisho, akaondoka na mimi. Kule bondeni nani anakuhesabia miaka? Tulirudi Tlawi nina mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Nikazaa sita. Na mdomo wangu ukawa mrefu kuanzia hapo.

Baada ya ile hospitali sikuweza kukaa chini wiki nzima. Nilipalilia shamba lililokwisha kupaliliwa. Uwanja niliufagia mpaka vumbi likaisha. Paskalina yeye alikuwa analala mchana kutwa, dawa hagusi. Anasema, "Bibi, za nini? Mimi nimeumbwa vibaya peke yangu."

Siku moja akanionyesha kwenye simu habari kwamba wataalamu wamepata alama za PCOS kwenye jeni. Nikarukia hapohapo. Twende tukapime DNA. Nina ng'ombe mtamba mzuri, nauza.

Niwaambie ukweli nilichokuwa nataka. Nilitaka kipimo kiseme ni upande wa mama yake. Na kama kitasema ni mimi, basi kiseme chenyewe, kwa Kizungu, kwenye karatasi, nami nijifanye sielewi.

Tukarudi kwa daktari, watatu vilevile. Akatikisa kichwa.

"Bibi, mtamba wako mwache. Hizo alama ni nyingi, na kila moja inachangia kidogo tu. Kuna mwenye nazo na ni mzima, kuna mgonjwa asiye nazo. Hakuna kipimo cha jeni cha kumwambia mtu unayo au huna. Tunaangalia siku zake, homoni, ultrasound, tunahakikisha si ugonjwa mwingine. Na tunauliza ukoo."

Nikasema, "Lakini huyu ni mtoto wa mwanangu wa kiume. Mambo ya kike yanapitaje kwa mwanaume?"

"Bibi unafuga?"

"Nafuga sana."

"Dume la mbegu unalichaguaje?"

Nikajibu kwa maringo kabisa, maana hapo ndipo penyewe. "Naulizia maziwa ya mama yake."

Nikajisikia nilichosema: dume halitoi maziwa, ila linapitisha ya mama yake.

Paskalina alikuwa ananiangalia. Nikavuta mtandio wangu chini, nikamwambia, "Njoo ushike hapa."

Akashika kidevu changu. Vilikuwa vimeota vindevu vya siku nne. Nikawaeleza yote, miaka saba, Yaeda, yote. Daktari akasema mimi sikupimwa enzi hizo kwa hiyo hawezi kuapa kwamba nilikuwa nayo, ila dalili ndizo hizo.

Paskalina akauliza jambo moja tu. "Na ukazaa sita?"

"Wa kwanza ndiye baba yako."

Nikamgeukia mkwe wangu kumwomba msamaha. Akanikata. "Mama, mwaka ule ulipolazwa hujitambui siku tisa, unadhani nani alikusafisha kidevu kabla wageni hawajaja kukuona?"

Wakuu, alikuwa anajua siku ile anakamua. Na alikuwa anajua pale kwa daktari. Mpaka leo nikikumbuka nasimama, nakaa, nasimama.

Wiki iliyofuata nikaenda Basotu mwenyewe. Nikamweleza mama mkwe wa Paskalina vilevile nilivyowaeleza ninyi.

Akauliza, "Miaka saba, na hukuletewa mwenzako?"

"Mume wangu alinihamisha ili nisiletewe."

"Kumbe wewe mama ni mwongo hivyo."

"Ndiyo."

Akacheka, mwanamke mkali yule. Hakuniahidi kitu. Alisema tu, "Mwambie arudi kwake, kazi ziko nyingi."

Mahindi yameshaingia ghalani. Mke mwingine hajaletwa. Paskalina amerudi kwa mumewe, anameza dawa zake, anatembea, chai amepunguza sukari. Siku zake zimekuja miezi miwili mfululizo. Mimba bado.

Nilichojifunza ni hiki. Bibi wenzangu, mlichopitia mwilini waambieni mabinti na wajukuu wangali wadogo. Hicho unachokionea aibu, kwao ni habari njema, kwamba yupo aliyepita hapo na akatoka. Na ukitaka kujua umewarithisha nini, usikimbilie tu upande wa mkwe.

Sasa waliotibiwa PCOS humu, au wake zenu, niambieni ilichukua muda gani, na waliokosa pia waseme. Mimi nampigia Paskalina kila siku, na juzi ameniambia nikimuuliza tena anazima simu. Kwa hiyo nawauliza ninyi.