Kisiagi Kilichosaga Hewa

Wahenga walisema mapenzi na kikohozi havifichiki. Kwa muda mrefu Mukhwana aliamini kwamba wahenga hao hawakubahatika kukutana naye. Mapenzi sijui, alikuwa akijisemea, lakini kikohozi nimekificha mimi, tena katikati ya mtaa wa Langas, mahali ambapo jirani akiunguza kitunguu ploti nzima inajua. Alijivunia jambo hilo kama mtu aliyeshinda kesi. Leo akilisimulia hujicheka mwenyewe mpaka akajifuta machozi.

Kazi yake ni kusaga mahindi. Alikuja Eldoret kutoka Kimilili akiwa kijana, akaajiriwa kwenye kisiagi, na baadaye akapata chake, chumba cha mabati chenye mashine moja inayonguruma kama ina ugomvi na mtaa mzima. Mvi zilimwota humo humo, ingawa hakuna aliyeziona mapema kwa sababu ya unga. Unga ulimkaa kwenye nyusi, masikioni na kifuani, na huko kifuani ukamletea kikohozi.

Hakikumsumbua hata kidogo. Alikohoa kwa sauti ya mtu mwenye shamba na ng'ombe. Mteja aliyekuta mlango umeegeshwa alisikiliza tu, na akisikia kikohozi nyuma ya chumba aliteremsha gunia lake. Mkewe, Brigid, alikisikia kutoka kona ya barabara akamimina chai. Na Mukhwana alipokwenda Yamumbi kwa mwanawe Dennis, kikohozi ndicho kilichomtangulia. Kwa Wabukusu, baba mkwe havamii boma la mwanawe kama askari. Husimama langoni akakohoa, mke wa mwana akajisitiri na kuketi vizuri, ndipo mzee akaingia na heshima yake. Mukhwana hakujua hata kubisha hodi. Angebisha ya nini na kifua anacho?

Kisha ikaja korona.

Siku za mwanzo mwanzo, Seline muuza omena alileta mahindi yake akiwa na barakoa ya kitenge iliyomfunika mpaka chini ya macho. Mukhwana akakohoa, kama alivyokuwa akikohoa miaka yote. Foleni ikavunjika. Seline aliruka mtaro ambao kwa umri wake hakupaswa kuuruka, akaacha debe lake pale pale, na kesho yake akaja kulichukua kwa ncha za leso kama anayemwokota panya aliyekufa. Kuanzia hapo wateja wakaanza kupeleka mahindi kwa Ndungu, ng'ambo ya barabara, ambaye mashine yake inasaga unga wenye chenga lakini hakohoi.

Baada ya juma hivi Mukhwana alikuwa ndani akisafisha mashine. Alipotoka nje kupunga hewa alisikia mtu akipiga mayowe, "Wamekuja! Watu wa nguo nyeupe wamekuja kubeba watu!" Hakungoja kuuliza wako wapi. Alikimbia. Alipinda kona ya kwanza, watu waliokuwa mbele yake nao wakakimbia. Akapinda ya pili, akina mama wakaacha mboga zao. Akajua kumbe hao watu wa karantini wako nyuma yake karibu kabisa, akaongeza mbio mpaka akatumbukia kwenye kibanda cha kinyozi, na hapo, kwenye kioo, akamwona mtu wa nguo nyeupe. Alikuwa yeye, na unga wake, kuanzia utosini hadi kwenye viatu. Alikuwa amejikimbia mwenyewe nusu ya Langas.

Mtaa ulicheka, naye akacheka. Lakini kicheko kilipoisha alibaki na hofu, na hofu hiyo hakumwambia mtu. Aliogopa kuchukuliwa. Alikuwa amesikia kwamba waliochukuliwa walikufa peke yao wakazikwa haraka haraka na watu wasiowajua, bila wimbo, bila mtu wa kwao kutupa hata konzi ya udongo. Mukhwana alikuwa tayari kufa siku moja, lakini si kufa kama mtu asiye na kwao.

Basi akaanza kumeza kikohozi. Kilipopanda alikibana, akakaza shingo, macho yakamtoka, akakirudisha kilikotoka kama uji wa moto. Kilipokataa kurudi, aliwasha mashine. Huo ndio uliokuwa uvumbuzi wake mkubwa, na mwenyewe hukiri kwamba hajawahi kuvumbua kingine. Mashine ikinguruma hakuna anayesikia kitu. Aliweza kuinama nyuma ya gunia akakohoa mpaka akatosheka, kisha akazima, akatoka akijipangusa mikono kama mtu aliyemaliza kazi ya maana. Mahindi yakiwapo au yasiwepo, aliwasha. Wapita njia walisema Mzee Mukhwana siku hizi ana biashara. Kumbe alikuwa akisaga hewa. Stima ilipopotea, na ilipotea mara nyingi, alikimbilia choo cha ploti akakohoa ndani ya sweta.

Korona ikapita. Mapipa ya kunawia mikono yakaanza kunywesha kuku. Barakoa zikafungia mifuniko ya mitungi. Mukhwana akawa akiwacheka watu ambao ugonjwa uliwaacha na vituko. Alimcheka Seline, ambaye mpaka leo huosha noti kwa sabuni akazianika kando ya omena. Alimcheka Mzee Opiyo, jirani yake, anayesalimu kwa kiwiko hata kanisani. "Hawa watu korona iliwaingia kwa kichwa," alimwambia Brigid. Kisha akaenda akawasha mashine tupu ili akohoe. Hakuona kichekesho. Mtaa mzima uliruhusiwa kutoka, koo lake peke yake ndilo lililobaki kwenye kafyu.

Mwaka jana kikohozi chenyewe kikabadilika. Kile cha unga kilikuwa kikavu, cha kuja na kuondoka. Hiki kilikuwa kizito, na kilikuja na jasho la kulowesha shuka. Suruali zikaanza kumvuka. Brigid alizipunguza kiunoni, moja baada ya nyingine, akamwambia waende hospitali.

"Niende kufanya nini?" Mukhwana akasema. "Wewe tangu korona umewahi kunisikia nikikohoa?"

Brigid akakata uzi kwa meno, akachukua suruali nyingine.

Huenda angeendelea hivyo hivyo mpaka akaanguka, kama si ile Jumamosi ya Yamumbi. Alikuwa amembebea mjukuu unga wa wimbi aliousaga mwenyewe. Alifika langoni kwa Dennis, kikohozi kikapanda kama kilivyozoea, na hapo, bila hata kufikiri, akafanya alichojizoeza kufanya. Akakimeza. Akasukuma lango akaingia kimya kama mwizi wa kuku.

Faith, mke wa Dennis, alikuwa uani akiosha nywele, ameinama juu ya beseni, mabega wazi, leso imefungwa kiunoni tu. Aliinua uso wenye povu akaona mbele yake baba mkwe wake amesimama na mfuko wa unga. Mayowe aliyopiga yaliwatoa watu wa nyumba tatu. Mukhwana alifumba macho, na kwa kufumba macho hakuliona beseni. Maji yakamwagika, unga ukamwagika, naye akatoka nje kwa njia ambayo haikuwa lango, akapita katikati ya ua wa miti, na kofia yake ikabaki huko.

Mukhwana anasema mpaka leo hajui alirudije Langas. Kwa watu wake hilo halikuwa jambo la kucheka. Ni aibu inayowafanya wazee waketi vikao. Jioni Dennis akaja, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni.

"Baba, Faith analia tangu saa sita," alisema. "Anasema hajui atakuangalia aje tena. Kwani shida ni gani? Si ungekohoa tu ukifika kwa geti, vile umekuwa ukifanya?"

Mukhwana angesema nini? Kwamba ameogopa kukohoa kwenye lango la mtoto wake mwenyewe, miaka hii yote baada ya ugonjwa kuondoka? Aliinamisha kichwa. Aliona haya, na chini ya haya alijihurumia, na hilo likamwongezea haya.

Dennis alipoondoka, Brigid hakupiga kelele. "Baba Dennis," alisema, "Jumatatu tunaenda hospitali. Nimenyamaza ya kutosha. Ama unataka nikuzike na hicho kikohozi chako ukiwa umekimeza?"

Hospitalini msichana wa maabara, Jelagat, alimsikiliza Brigid akieleza habari za jasho na suruali, akampa Mukhwana kikopo chenye kifuniko. Akamwonyesha mahali pa kusimama nje, penye upepo, kando kidogo ya benchi la wagonjwa.

"Vuta pumzi, Mzee, halafu kohoa kutoka ndani kabisa. Utemee hapa."

Mukhwana akavuta pumzi. Kikohozi, ambacho kilikuwa kimemsumbua njia nzima, kikajificha. Benchi lote lilikuwa likimtazama. Alikaza, akasukuma, akapata kitu, akakipeleka.

"Hii ni mate, Mzee," Jelagat akasema. "Mimi nataka ile kitu inatoka kwa kifua."

Akarudi. Safari hii akasikia kikija, na mara shingo ikakaza yenyewe na macho yakamtoka, akakimeza mzima mzima. Bwana mkubwa na mvi zake, amekuja hospitali kushindwa kukohoa! Wengine hufeli mtihani wa kusoma, yeye alikuwa akifeli kikohozi. Na kule kwenye benchi watu walikuwa wameelewa kinachotafutwa. Mkono mmoja ukaingia mfukoni ukatoka na barakoa kuukuu, iliyokunjamana. Kisha mwingine. Kumbe watu bado wanatembea nazo.

Zile barakoa zilimmaliza. "Twende nyumbani," alimwambia Brigid. "Siwezi."

"Mzee, tukikosa hiyo hatuwezi jua una nini," Jelagat akasema kwa upole. "Na hiyo uzito imepotea si mchezo."

"Nimesema siwezi. Mbele ya watu siwezi."

Brigid aliweka mkoba wake chini. Ni mwanamke mzito, mwekahazina wa kina mama kanisani, mtu ambaye haonekani akitafuna mahindi barabarani. Alisimama kando ya mumewe, akajishika kiuno, akafungua kinywa.

"Ngrrr," akasema.

Mukhwana akamgeukia.

"Ngrrr. Ngrrrrr. Ngrrrrrrrrrr!" Alianza polepole, kama mota inavyoanza, kisha akaipandisha, mpaka sauti ikawa ile ile, na mtetemo wake, na ule mluzi mwembamba wa mkanda uliolegea ambao Mukhwana alikuwa akiahidi kuukaza tangu zamani. Mama wa kanisa akanguruma katikati ya hospitali, shingo imetoka mishipa, huku watu wa benchi wakisahau barakoa zao mikononi. Mtu akacheka. Brigid akaongeza sauti.

Na Mukhwana, akisikia mashine imewaka, akainama akakohoa. Alikohoa vya mwaka huo na vya miaka mingine yote, na Brigid hakunyamaza mpaka alipoona kifuniko kimefungwa.

Njiani kurudi Langas walitembea mpaka karibu na soko.

"Ulijua tangu lini?" Mukhwana akauliza.

"Tangu ile wiki ya kwanza. Kisiagi ikiwa na mahindi inalia vingine, ikiwa tupu inalia vingine. Mimi ni bibi ya msagaji, Baba Dennis, nisijue?"

"Na hukusema."

"Uliniuliza kama nimewahi kukusikia. Nikaona ukipenda tukae hivyo, tukae hivyo. Lakini kila ukiwasha hiyo kitu nilikuwa nasimama kwa mlango nahesabu mpaka uzime, ndio nijue uko hai."

Mukhwana alimshika mkono, barabarani, mchana kweupe, jambo ambalo wanaume wa kwao hawafanyi, akaushika mpaka mlangoni.

Kilikuwa kifua kikuu. Jelagat alimwambia kinatibika asipokosa dawa, na Brigid akahakikisha hakosi. Mukhwana alipewa pia barakoa avae mpaka aambiwe aivue, na Brigid naye akapimwa, akakutwa mzima. Seline alipomwona na barakoa akamwuliza kama hajasikia korona iliisha. Mukhwana akamwambia yeye huwa anachelewa kupata habari.

Watu wa hospitali walipomruhusu kutembelea watoto tena, jambo la kwanza lilikuwa Yamumbi. Wazee walikuwa wamekaa na kusemezana, makosa yakafutwa, na Faith, ambaye Brigid alishamsimulia ya hospitali, akatuma neno kwamba anamkaribisha. Mukhwana alifika langoni na mfuko mwingine wa unga wa wimbi. Akasimama kwa heshima, akavuta pumzi, akakohoa.

Hakikutoka kitu. Alijaribu tena, ikatoka pumzi tu, safi kama ya mtoto mchanga. Dawa zilikuwa zimefanya kazi yake vizuri mno. Miaka yote amekihangaikia kikohozi kisitoke, na siku anayokihitaji, kimekwisha! Aligeuka akatazama barabara, akaona hakuna mtu. Kubisha hodi hakujua, na kuingia kimya alishaapa.

Akashika lango kwa mkono mmoja.

"Ngrrr," akasema. "Ngrrrrrrr!"

Kisha akasikia mlango ukifunguliwa, na sauti ya Faith ikijitahidi isicheke na ikishindwa.

"Karibu, Baba. Nimejifunika."