Askofu Aliyening'inia Kichwa Chini

Mwaka ule nilikuwa nafanya usafi kwenye hoteli moja ya Al Garhoud, huku Dubai, rafiki yangu, na ukumbini waliweka maonyesho ya sarafu za zamani. Napangusa vioo, jicho likanasa fedha moja pana, ina askofu mwenye ndevu. Chini ya ndevu, ukingoni, palikuwa na kovu la kitanzi kilichong'olewa. Kitambaa kikaniponyoka.

Ikanijia harufu ya ukwaju. Unguja, kila Alhamisi, kazi yangu ilikuwa kuisugua fedha ya bibi kwa ukwaju na majivu mpaka vidole vinawasha, huku mkate wa kumimina unaiva jikoni. Bibi akiivaa shingoni, ile ngao iliyochorwa upande wa pili nje, uso wa askofu ndani. "Mimi Mwislamu, nitembee na padri kifuani?" Sonara naye alikitia kitanzi kwa kuifuata ngao, basi askofu akaning'inia kichwa chini. Bibi akicheka: "Mwache alale."

Alhamisi moja niliianika dirishani. Kurudi, haipo. Shangazi yangu Zuwena, aliyekuwa anafunga sanduku la safari ya Dubai, ndiye aliyepiga kelele: "Wa mwisho kuishika si huyu?" Nikapigwa. Nikatolewa shule, darasa la tatu, nikapelekwa shamba kwa mjomba. Bibi hakunigusa. Aliacha tu kuniita kwa jina langu, mpaka anakufa.

Basi pale hotelini nikamwendea mwenye sarafu, mzee wa Kiomani aliyezaliwa kwetu.

"Hiyo ya Ujerumani ya kale, mwanangu. Maaskofu wao walikuwa watawala, wakipiga fedha zao wenyewe."

"Umeipata wapi?"

"Kwa mwanamke mmoja wa Kizanzibari, anakaa hapa hapa Dubai, mtaa wa Al Qusais. Kasema urithi wa mamake. Shika, usiogope."

Niliigeuza, ngao nje, nikaiweka kifuani. Baridi. Msimamizi akapita: "Yalla, vioo bado!" Nikairudisha.

Namba ya Zuwena nilipewa na ndugu nilipokuja Dubai, sikuwahi kuipiga. Jioni ile nikapiga.

"Shangazi, nimemwona askofu."

"Khalas, yaishe, mtoto wewe. Mambo ya zamani hayo."

Ya zamani kweli. Nyumba imeuzwa, lile dirisha limezibwa kwa matofali. Wengine wote walioniita mwizi wamekufa, wakiamini hivyo. Aliyebaki hai ni mmoja tu, na ndiye aliyejua tangu siku ile kwamba si mimi.