Siku Mgongo Uliponikamatia Jarubani

Sisi wanawake wazee wa huku tunadanganya kuhusu migongo yetu, na mimi sioni haya kulisema. Ukinikuta asubuhi ukaniuliza nimeamkaje, nitakujibu nimeamka salama. Mgongo umeniuma usiku kucha, nimegeuzwa kitandani kama chapati, lakini nitasema salama. Nasema hivyo kwa sababu nimeona yanayowapata wanaosema kweli.

Rafiki yangu mmoja, tulioolewa pamoja kijiji kimoja, alisema kweli. Akapelekwa hospitali ya Kolandoto, daktari akampima vizuri, akamwambia atembee kila siku, afanye kazi nyepesi, asishinde amelala. Alirudi nyumbani na maneno hayo, lakini wanawe walikuwa wamesikia neno hospitali tu. Wakamnunulia godoro. Wakamnyang'anya ndoo ya maji, kisha kuni, kisha jembe, na kila walichonyang'anya walisema ni heshima. Msimu uliofuata nilikwenda kumsalimia, nikamkuta ameegemea ukuta, miguu imekonda, anamwomba mke wa mwanawe ruhusa ya kuchambua majani ya kunde. Mtu aliyelima tangu ana meno ya utoto anaomba ruhusa ya kuchambua mboga! Nilirudi kwangu nimefura.

Basi sisi tuliobaki tuna mambo yetu. Khanga unaikunja, unaikaza vizuri chini ya tumbo kabla ya kushika jembe. Jiwe unalipasha moto kwenye majivu, unalifunga kwa kitambaa, unaliegemea kiunoni. Asubuhi hukurupuki, unaizunguka nyumba kwanza mpaka mwili ukubali. Ikizidi unamtafuta mwenzio wa rika lako akuchue mafuta, huku mnawateta wakwe. Hatusemi tunaumwa. Tunasema mgongo umeamka, na siku nyingine tunasema umelala. Ukikaa nao miaka niliyokaa nao mimi, unazijua hasira zake na unajua namna ya kuubembeleza.

Zahanati nilikwenda mara moja. Kijana wa koti jeupe hakuniambia nipande kitandani, hakunigusa, hakuniuliza nafanya kazi gani. Aliziangalia mvi zangu akasema, "Bibi, huo ni uzee. Kapumzike." Nikamwambia marahaba, ingawa shikamoo hakunipa, nikaondoka.

Kilichonitia hofu kilikuwa jaruba langu la mpunga. Ni moja tu, hapa upande wa Kharumwa, aliloniachia marehemu mume wangu. Mpunga wake ni wangu: nala, nauza, nampa ninayetaka kumpa. Mwanangu wa kwanza, anayeishi Geita mjini, alikuwa ameshatamka kwenye simu kwamba akisikia tena mgongo unanisumbua, jaruba atampa mtu alime, na mimi nikae. Alisema kwa sauti ya upole kabisa. Upole huo uliniudhi kuliko kama angenifokea.

Msimu huo mvua zilikuwa nzuri. Binti yangu na mumewe walikuwa wamekuja kukaa kwangu, kwa sababu duara, shimo analochimbia dhahabu huyo mkwilima wangu, lilijaa maji na kazi ilisimama. Mijini siku hizi naona watu wanakumbatiana na wakwe zao; nyumbani kwetu bado hatujafika huko. Mkwilima hamgusi mama wa mkewe, hakai naye mkeka mmoja, hamkazii macho. Akinisalimia alikuwa anachuchumaa mbali, ananipa shikamoo akiangalia pembeni, nami namjibu nikiangalia pembeni yangu. Tuliishi vizuri sana hivyo.

Siku yenyewe kulikuwa na msiba kijijini, na wanawake wote walikwenda kupika, binti yangu akiwemo. Miche yangu ilikuwa imeshang'olewa kitaluni, na ningeiacha jua lingeichoma. Nikakaza khanga, nikaenda kuipanda. Mkwilima alikuwa jaruba la jirani, akivuruga tope kwa ng'ombe.

Nilikuwa nimeinama naingiza mche, mgongo ukanikamata. Kuuma nakujua; huku kulikuwa kukamata. Sikuweza kuinuka wala kugeuka. Nikaenda chini, magoti na viganja kwenye tope, pua karibu na maji.

Mkwilima akaniona, akaja mbio mpaka kwenye tuta. Hapo akasimama, akageuza uso, akaniita mayu kama anavyomwita mama yake.

"Mayu, kuna nini?"

"Mgongo."

"Nikaite akina mama?"

"Wako msibani. Mpaka waje nitakuwa nimelinywa jaruba lote."

Akahangaika juu ya tuta, huku na huko. Kisha akakimbia, akafungua kamba ya ng'ombe, akanirushia ncha. "Shika, mayu, nikuvute."

Hapo nilisahau maumivu. "Mimi ni ndama? Shuka huku uniinue!"

"Mayu, ni mwiko."

"Najua ni mwiko. Nimeushika tangu wewe hujazaliwa. Shuka!"

Akashuka amefumba macho, akipapasa. Akanipitisha mikono kwapani, akaninyanyua taratibu, akanikalisha juu ya tuta, kisha akaenda kukaa mbali akiwatazama ng'ombe. Nikamshukuru, wabeja sana baba, na nikamwomba jambo moja tu: asimwambie mtu. Akinyamaza, mgongo wangu ungetulia kama unavyotulia siku zote, na jaruba langu lingebaki langu.

Akanijibu kwa heshima zote kwamba hawezi. Aliyemgusa mama mkwe lazima akaseme mbele ya wazee, asamehewe. Binti yangu alikuwa mjamzito. Mtoto akizaliwa na shida yoyote, mkwilima angeamini ni yeye aliyemletea mkosi kwa kuficha. Nilimwelewa. Nilimkasirikia na nikamwelewa, vyote kwa pamoja.

Basi wazee wakaitwa, na mwanangu akaja kutoka Geita. Mkwilima akaleta kuku wake, akakiri. Walikaa mchana kutwa. Walijadili kama kweli alifumba macho. Walijadili kama nilikuwa nimevaa khanga moja au mbili. Walijadili kama tope linaweza kuhesabiwa kuwa nguo, maana nilikuwa nimejaa tope mwili mzima, kwa hiyo huenda ngozi yenyewe hakuigusa. Watu wazima na mvi zao wanajadili tope! Mwishowe wakamnawisha mikono, wakamsamehe, kuku akaliwa.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mgongo wenyewe unaendeleaje. Na nilikuwa pale pale, nimekalishwa kwenye kigoda kifupi ambacho kuinuka hapo ni shughuli pevu. Nilitamani kulia kwa hasira.

Watu walipokuwa wananawa, mwanangu akatangaza kwamba kesho vibarua watakuja kumalizia jaruba, na kuanzia leo mama anapumzika. Wazee wakamsifu kwa kujua kumlea mzazi. Kwa hiyo aliyenigusa alitoka pale mtu safi, na mimi niliyeumwa nikatoka nimepokonywa jaruba.

Asubuhi niliwatangulia vibarua. Kuinama sikuweza, nasema wazi kwa sababu hakukuwa tena na cha kuficha. Nikapiga magoti kwenye tope nikapanda hivyo hivyo, najisogeza kidogo kidogo. Mgongo ulinung'unika lakini haukunikataza. Vibarua walipofika wakabaki wamesimama na miche mikononi, hawajui wafanye nini, na mmoja wao akarudi nyumbani kumwita mwanangu.

Akaja na viatu vyake vya mjini, akasimama kwenye tuta.

"Mama, toka humo. Watu wanapita barabarani wanakuona hivyo. Unatuaibisha."

Nilimalizia kwanza mche niliokuwa nao mkononi, nikaukandamizia udongo vizuri. Kwenye simu alikuwa anasema mgongo wa mama, kwenye kikao akasema mgongo wa mama, na kumbe siku zote hizo alikuwa na ugonjwa wake mwenyewe ambao hakuutaja.

"Wewe kinachokuuma ni aibu," nikamwambia. "Basi nenda wewe ukapumzike. Mimi kinachoniuma ni mgongo tu, na mgongo nimeuzoea."